Tuliendelea Mara Mbili

Mwezi uliopita nilipigiwa simu na kijana mmoja wa chuo kikuu, mwenye adabu, akanieleza kwamba Daktari amefariki dunia na kwamba wanafunzi wake wa zamani wanakusanya kumbukumbu za kuweka katika kijitabu. Jina langu alilikuta kwenye ukurasa wa shukrani wa kitabu cha kwanza cha marehemu. Aliomba kurasa mbili hivi, na kama ningeweza, nieleze jinsi Daktari alivyokuwa mlezi wa vijana. Nilimpa pole, maana kufiwa ni kufiwa, nikamwahidi kwamba nitaandika. Baada ya simu kukatika nilikaa kitandani. Nilidhani nina huzuni, kisha nikatambua kuwa ni hasira, ileile niliyokuwa nayo nikiwa na miaka kumi na tisa. Basi nimeandika, ila si kurasa mbili na si za kijitabu. Jina lake sitalitaja. Tulimwita Daktari, na mimi nitamwita hivyo hivyo. Mimi naitwa Tatu, mzaliwa wa Tabora, na nilifundisha jiografia mpaka nilipostaafu.

Mwaka ninaouzungumzia ni ule wa operesheni ya vijiji, watu wa mashambani walipohamishwa kwa mkupuo kwenda kukaa pamoja kandokando ya barabara. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, najua kupiga chapa, nasikia Kinyamwezi vizuri, na nina mkono mwepesi wa kuchora ramani. Daktari alikuwa ametoka Dar es Salaam kuja kutafiti historia ya uchumi wa njia ya zamani ya misafara, akaniajiri kuwa karani na mkalimani wake. Alipanga vyumba viwili vya mbele katika nyumba kuukuu pale Gongoni, mjini Tabora, yenye kuta nene za udongo na boriti nyeusi, ambayo hata kwenye jua la mwezi wa tisa ilikuwa na ubaridi ndani. Chumba kimoja alilala yeye. Cha pili kilikuwa cha kazi: meza mbili, mashine ya chapa iliyokuwa ikiruka herufi r, maboksi ya viatu yaliyojaa kadi, na ukutani ramani kubwa ambayo alikuwa ameipitishia uzi mwekundu kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, na pini moja ya shaba pale ilipo Tabora.

Saa saba mchana mama mwenye nyumba alileta sinia ya wali na kisamvu cha karanga, na mara nyingi palikuwa na wageni, walimu wenzake Daktari waliokuwa wakipita kwenda Kigoma au Mwanza. Wao walikula mkekani. Mimi nilikula kwenye meza yangu, nimewapa mgongo, na masikio yangu yote yako kwao. Walikuwa na swali moja tu, na kila siku walilirudia kwa namna nyingine: kwa nini jamii moja hutajirika kizazi baada ya kizazi, na jamii nyingine, yenye watu wenye bidii ileile, inabaki pale pale? Walizungumza juu ya Wajapani na hariri yao, Waingereza na viwanda vyao vya nguo, wakulima wa kakao wa Ghana. Kisha walirudi kwetu. Wanyamwezi walikuwa wakitembea miezi mitatu hadi pwani na pembe za ndovu na nta mabegani, wakijua ujira, wakijua kupatana bei, wakigoma njiani mkuu wa msafara akiwapunja, kabla Mzungu yeyote hajaja kuwafundisha biashara. Biashara yote ile ilizaa nini? Iko wapi? Nakiri kwamba nilipenda mazungumzo yale kuliko chakula. Sikuwahi kumsikia mtu akiitaja Tabora na Japani katika pumzi moja, kana kwamba ni nchi za watu wa aina moja.

Na Daktari alikuwa mwema kwangu. Hilo nalo lazima niliseme, maana bila hilo hasira yangu ingekuwa nyepesi. Alinifundisha kusoma ramani za wapimaji, alininunulia kalamu za wino za kuchorea, na nilipokosea tafsiri alinirekebisha taratibu, bila kuniaibisha mbele za watu. Alikuwa pia anaamini vijiji kwa moyo wake wote. Alisema watu wakikaa mmoja hapa na mwingine maili tatu kule, serikali itawafikishia vipi maji, shule na zahanati? Nami niliamini. Sitaki kusingizia leo kwamba nilikuwa na akili kuliko wengine.

Tulikwenda mashambani kwa Landrova, siku nne kwa juma, hasa upande wa kusini, tukiacha barabara ya kwenda Ipole na kuingia msituni kwa njia za miguu zilizopanuliwa na baiskeli. Kijiji tulichokaa sana kiliitwa Kasandala. Ukisema kijiji unadanganya kidogo. Zilikuwa kaya thelathini na kitu zilizotawanyika katika msitu wa miombo, kila moja na shamba lake la muhogo na tumbaku kidogo, na juu ya miti, mbali na nyumba, mizinga ya nyuki. Hapo ndipo tulipomkuta Bi Kalunde. Alikuwa mjane, muumini wa kanisa la Moravian, mfupi na mkavu, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kubishana na wachuuzi. Mizinga ya marehemu mumewe sasa aliitunza mwanawe Maganga, na Bi Kalunde mwenyewe alichemsha masega, akachuja nta na kuigandisha. Alitupokea jikoni, maana alikuwa kazini. Chumba kizima kilinukia asali na moshi. Kwenye kichanja mabonge ya nta ya manjano yalipangwa kwa ukubwa, na ukutani vilisimama vilindo vya gome vilivyojaa mtama. Alitupa ugali wa muhogo na mlenda, kisha bakuli la asali lenye vipande vya sega ndani, na hakuturuhusu kuuliza lolote mpaka tumalize.

Daktari alinipa swali lake kubwa nimfasirie. Kwa biashara yote ile ya pembe na nta, kwa nini watu wa huku hawakuendelea? Nililiuliza kwa Kinyamwezi, kwa heshima kadiri nilivyoweza. Bi Kalunde aliendelea kukamua kitambaa cha kuchujia mpaka tone la mwisho. Kisha akajibu kwa Kiswahili, ili Daktari asikie mwenyewe.

"Tuliendelea," alisema. "Tuliendelea mara mbili."

Akasimulia. Mama yake alikwenda pwani na kurudi, yeye na mumewe, wakaleta majembe na nguo, wakabadilisha kwa mbuzi, wakatundika mizinga mingi na kujaza maghala. Kisha Mjerumani akaamuru watu wasogee karibu na barabara, ili chakula na wapagazi wa serikali visitafutwe mbali. Bi Kalunde alihamishwa akiwa mgongoni mwa mama yake. Mizinga iliachwa msituni ikaoza. Wakaanza upya, miaka mingi, wakapata tena mbuzi na mizinga na maghala. Kisha Mwingereza akasema mbung'o wanaleta ugonjwa wa malale, watu wakusanywe mahali pamoja. Safari hiyo Bi Kalunde ndiye aliyekuwa na mtoto mgongoni. Hakusema Mwingereza aliongopa. Ndugu zake wawili walikufa kwa malale. Alisema tu kwamba hakuna aliyewauliza mizinga iko wapi. Akatueleza kwamba mzinga mpya hukaa mtupu msimu mmoja, pengine miwili, kabla nyuki hawajaukubali, na kwamba mfugaji hodari hutundika mingine kwa ajili ya wajukuu. Mtu hafanyi kazi ya namna hiyo kama hajui atakuwa wapi.

"Muulize na yeye," akaniambia, akimwonyesha Daktari kwa kidevu. "Hao waliotajirika, huko alikosoma habari zao, wao walihamishwa mara ngapi?"

Daktari alicheka, si kwa dharau, alicheka kama mtu aliyefurahishwa na kikongwe mchangamfu. Aliniambia niandike kwamba shahidi ana kumbukumbu nzuri ya mambo ya kale. Kisha akaenda kwenye swali lililofuata la dodoso, ambalo lilihusu mbuzi.

Mjukuu wangu wa kike anasoma uchumi sasa. Mwaka jana alikuja likizo na kitabu kinene, akanisomea sura ya ukuaji wa muda mrefu, jinsi wataalamu walivyolinganisha mataifa na kugundua kwamba watu huweka akiba na kuboresha ardhi pale wanapokuwa na hakika kwamba kesho hawatanyang'anywa. Alisema ugunduzi huo umewapatia watu heshima kubwa duniani. Nilicheka mpaka akaudhika, akafunga kitabu. Nilimwomba radhi, ila sikuweza kumweleza vizuri. Ningemwelezaje kwamba sura hiyo nzima niliisikia jikoni, bibi mmoja akiisema huku anakamua nta, na mimi ndiye niliyekuwa na kalamu, na nikaandika kwamba ana kumbukumbu nzuri?

Kazi yangu kubwa mwaka ule ilikuwa ramani ya Kasandala. Daktari alitaka kuonyesha mali ya watu imetawanyika vipi, kwa hiyo nilitembea miezi miwili na Maganga, nikiweka alama ya kila nyumba, kila kisima, kila njia, na kila mti wenye mzinga na jina la mwenyewe. Maganga alikuwa na miaka thelathini na kitu, mtu wa maneno machache, na mwanzoni hakutaka kunionyesha miti ya mbali. Nilimwambia ramani ni ya kitabu tu, itawasaidia watu wajue Wanyamwezi walikuwa na uchumi wao. Akanionyesha. Niliichora juu ya meza ya Gongoni kwa wino wa rangi tatu, na hata leo, baada ya kuwafundisha wanafunzi wengi kuchora, sijaona ramani safi kuliko ile.

Ilikuwa bado mezani alipokuja afisa mmoja wa operesheni kumsalimu Daktari. Walifahamiana tangu masomoni. Nilikuwa nimeingia chumba cha kulala cha Daktari, yalikohamishiwa maboksi mengine, kupanga kadi, na mlango ulikuwa wazi kidogo. Nilimsikia afisa akinyamaza katikati ya sentensi, kisha nikasikia karatasi ikikunjuliwa. Alisema watu wake walikuwa wamehangaika majuma mawili msituni bila kujua nani anakaa wapi. Alisema hii ndiyo hasa waliyokuwa wanaitafuta. Nikasubiri Daktari amjibu kwamba ramani ile ni ya utafiti. Daktari alisema, "Ichukue, mtanirudishia. Na huyu binti aliyeichora anawajua wote kwa majina." Nilikuwa nimesimama na kadi mkononi. Ningeweza kutoka nikasema kitu. Nilipotoka, nilitoka kuwaandalia chai.

Walituma gari kunichukua siku ya Jumanne asubuhi. Kulikuwa na malori matatu na mgambo kama ishirini, wengi wao vijana wa kutoka wilaya nyingine. Afisa alinipa madodoso yangu mwenyewe, aliyoyachukua kwa Daktari pamoja na ramani, yaliyopangwa nyumba kwa nyumba kwa kufuata ramani yangu mwenyewe, akaniagiza niite majina ili asisahaulike mtu. Lori lilisimama kwenye kila nyumba, mimi nikaita, watu wakatoka. Wengine walikuwa wameambiwa watahama baada ya kuuza tumbaku. Tumbaku ilikuwa bado bandani. Waliruhusiwa kuchukua chakula, nguo, vyombo, kuku. Mzee mmoja aliuliza kama anaweza kwenda kurina asali kwanza, kwa kuwa ilikuwa imebaki siku chache tu. Afisa alimjibu kwa upole kwamba malori ni ya serikali na yana ratiba.

Kwa Bi Kalunde tulifika saa sita. Mgambo walikuwa wameshapanda juu ya nyumba kung'oa nyasi za paa. Niliita jina lake kwa sauti ndogo. Afisa akaniambia niongeze sauti, nikaita tena.

"Nipo," alisema. Alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwangu. "Unaniona, mwanangu. Nipo."

Alikuwa amebeba sufuria lake la kuchemshia nta, na ndani yake mabonge aliyoweza kuyaokoa. Hakunitukana. Maganga alimwendea afisa akamwomba, kwa kuwa wameshaandikwa katika karatasi, basi iandikwe pia kwamba wameacha mizinga arobaini na miwili, ili siku moja waje waulize. Afisa alinitazama, akasema karatasi ya mizinga haipo. Ilikuwapo. Ilikuwa mkononi mwangu, ukurasa wa nne wa dodoso lao, imeandikwa kwa mwandiko wangu, mti kwa mti. Nilinyamaza. Walipokwisha kupanda lori mgambo walichoma nyumba, wasije wakarudi. Jikoni ndiko kulikowaka kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu ya nta iliyokuwa imeingia ukutani kwa miaka yote ile, na moshi wake ulinukia vizuri. Hilo ndilo sijawahi kulisamehe, kwamba ulinukia vizuri.

Niliporudi Gongoni nilimkuta Daktari akiandika. Nilimweleza yote, hata habari ya ukurasa wa nne. Alisikitika, aliweka kalamu chini, akafuta miwani, akasema mabadiliko makubwa hayakosi ukali wa watu wadogo. Nilimwambia sizungumzii ukali. Nazungumzia swali lake. Bi Kalunde alikuwa amelijibu, na sasa tumeliona jibu kwa macho, na inabidi liingie kwenye kitabu: waliendelea mara mbili, wakahamishwa, na hii ni mara ya tatu.

"Tatu, hilo ni lalamiko," alisema. "Mimi naandika sababu."

"Lalamiko lake ndiyo sababu, Daktari."

Aliniambia nimechoka, nikapumzike. Sauti yake ilikuwa ileile ya upole aliyonirekebishia tafsiri. Nilimwambia kwamba yeye anajua yote ya Wajapani na hajui kilichotokea leo maili arobaini kutoka mezani kwake, tena kwa ramani iliyotoka mezani kwake. Alichukua kalamu yake akaendelea kuandika. Nilichukua kalamu zangu za wino, nikaziacha tena, kwa kuwa alizinunua yeye, nikaondoka. Sikurudi. Kitabu kilitoka miaka kadhaa baadaye. Ramani yangu imo, imechapwa vizuri. Bi Kalunde hamo. Pale jibu lake lilipostahili kukaa, Daktari ameeleza kwamba watu wa eneo lile hawakuwa na desturi ya kuweka akiba ya muda mrefu. Nilikisoma nimesimama dukani, nikakirudisha rafuni.

Sitasema kwamba vijiji havikuleta chochote. Shule ilijengwa. Nilipomaliza masomo ya ualimu nilikutana na watoto wa Kasandala sekondari, wenye akili kali, ambao huko msituni labda wasingeona darasa. Watu wakinijibu hivyo nawakubalia. Lakini shule ingeweza kujengwa na mtu akaulizwa kuhusu mizinga yake siku hiyohiyo. Hakuna kilichozuia. Kilichokosekana ni mtu wa kudhani kwamba bibi yule alikuwa na kitu cha kupoteza, na sisi tuliokuwa tumekihesabu kitu chenyewe tulinyamaza.

Mvua zilipokwisha, kabla mwaka haujaisha tangu siku ile, nilipanda basi nikaenda kuwaona. Nilikuwa nimejiandaa kuomba msamaha, nimeyapanga maneno njia nzima. Kijiji kipya kilikuwa mistari miwili ya nyumba kando ya barabara, ardhi tupu, vumbi jekundu, na maji mbali. Bi Kalunde alikuwa amekaa kwenye kivuli cha ukuta akichambua kunde. Nilipiga goti nikamwamkia, akaitikia marahaba, akanisogezea kigoda. Nilipoanza kusema alinikatiza akaniuliza kama nimekula. Nikala. Ilikuwa ugali na kunde bila mafuta. Mizinga ya kule walikwenda kuitazama mara moja. Moto wa msituni ulikuwa umepita, na iliyobaki ilivunjwa na watu wasiojulikana. Sufuria la nta lilikuwa pale, sasa linachotewa maji.

Maganga alikuwa nyuma ya nyumba. Alikuwa ameleta gome bichi kutoka mbali, analikunja kuwa mzinga, na pembeni yake lilikuwapo gome jingi bado, limefungwa mafungu, la kutosha mizinga kumi na zaidi. Alinisalimu bila kuacha kazi. Kisha akaniuliza swali, na ninaamini aliniuliza kwa dhati, kwa kuwa nilikuwa nimefanya kazi na watu wanaojua mambo. Aliuliza kama hapa sasa ni pa kukaa, au watahamishwa tena.

Nilitaka sana kumwambia ni pa kukaa.

"Sijui, kaka," nilisema.

Maganga alimtazama mama yake. Bi Kalunde hakuinua macho kwenye ungo wake wa kunde.

"Basi tengeneza miwili," alimwambia. "Inatosha."

Maganga alimaliza kukunja ule uliokuwa mkononi, akachagua gome la kutengenezea wa pili, akafungua mafungu yaliyobaki na kumpelekea mama yake ayaanike yawe kuni.